Chupa Haikuwepo

3 Machi

Binti yangu mpendwa,

Pokea salamu nyingi. Mimi ni mzima, ila mgongo unanisumbua kwa kuinamia makochi ya watu kutwa nzima. Natumaini wewe, mume wako na mjukuu wangu hamjambo.

Simu zangu hupokei, na sikulaumu. Ndiyo maana naandika. Leo natimiza miezi saba sijaonja pombe. Shangazi yako, ambaye siku hizi anakaa nami, ni shahidi. Mikono haitetemeki tena. Jana nilipigilia kitambaa cha kochi zima bila kujigonga kidole, na wateja walionikimbia wameanza kurudi.

Marehemu mama yako alikuwa akikuambia, "Si baba yako huyo, ni chupa." Nilikuwa nawasikia kutoka chumbani. Sasa chupa haipo. Njooni mnione.

Baba yako

19 Machi

Baba, shikamoo.

Sisi ni wazima. Mjukuu wako ameng'oka meno mawili ya mbele na anajisifu kwa kila mtu. Pole na mgongo.

Barua yako niliisomea kazini, kule kwenye chumba cha kufulia cha hospitali, nimekaa juu ya marobota ya mashuka. Nililia mpaka msimamizi akaniambia nikanawe uso.

Kutopokea simu si hasira. Kwenye simu kigugumizi hunikaba, na kwako hunikaba zaidi. Unakumbuka ulivyokuwa ukinisimamisha mbele ya wageni, unaniambia nitaje jina langu, halafu unaniigiza mpaka wanashika mbavu. Mama alinifuta machozi na kuniambia maneno hayo uliyoyasikia. Niliyashika, Baba. Nilikua na baba wawili: wa asubuhi, aliyenishonea mdoli kwa vipande vya mahameli, na wa jioni. Wa asubuhi ndiye niliyemwita wangu.

Mwisho wa mwezi ujao nina likizo. Nitakuja na mjukuu wako.

Binti yako

2 Mei

Baba, shikamoo.

Tulifika salama. Hatuumwi.

Barua hii nimeianza mara nne. Jumamosi ile tulipokuwa karakanani kwako alikuja yule mama wa kochi jekundu. Alinisalimu vizuri, akaniuliza jina. Nikakwama kwenye herufi ya kwanza. Angengoja, watu wengi hungoja. Lakini wewe, mkasi mkononi, ulinijibia kwa sauti yangu, na mdomo umeupinda vilevile kama zamani. Yule mama akacheka. Halafu mwanangu naye akacheka, kwa sababu ana miaka sita na babu yake anachekesha.

Nilikuwa nimesimama karibu nawe, Baba. Ulinuka gundi na sabuni, basi.

Tangu turudi, nikimwambia mtoto avae viatu ananijibu kwa kuigiza kigugumizi changu. Nilimuuliza nani kamfundisha, akaniambia, "Babu."

Nilidhani ukiacha pombe, yule baba wa jioni ataondoka nayo. Kumbe yeye ndiye mwenye nyumba. Huyu wa asubuhi labda tulimshona wenyewe, mimi na Mama, ili tupate usingizi.

Binti yako

11 Mei

Binti yangu,

Salamu. Mimi ni mzima.

Umelikuza jambo dogo. Ule ulikuwa utani. Mimi ni mtu wa utani tangu ujana wangu, ndivyo nilivyo, na wateja hunipendea hilo. Pombe nimeacha, sasa mnataka niache na mdomo? Nitabaki nani?

Baba yako

30 Agosti

Binti yangu mpendwa,

Salamu nyingi kwako na kwa wote nyumbani. Afya yangu si mbaya. Tangu Mei sijapata neno lako, na kila mtu wa posta akipita natoka nje, narudi.

Nina jambo la kukiri. Jumamosi ile nilikuwa nimekunywa. Nilipiga glasi mbili kabla hamjaamka, nikatafuna karafuu kuua harufu, ndiyo maana hukuisikia. Sikuacha kama nilivyojigamba. Kwa hiyo uliyemwona si mimi. Ilikuwa pombe, kama mama yako alivyosema. Mwambie mjukuu wangu kwamba siku ile babu yake alikuwa mgonjwa.

Baba yako, yule wa asubuhi

21 Septemba

Baba, shikamoo.

Sisi ni wazima. Natumaini mgongo umepoa.

Nilikaa na barua yako siku tatu nikitamani kuiamini. Siku ya nne nilimpigia Shangazi. Swali langu lilinichukua dakika nzima kulimaliza, naye akangoja. Alisema Jumamosi ile mliamka wote alfajiri, mkanywa chai pamoja, na hujagusa pombe mpaka leo. Alitaka kujua kwa nini nauliza. Nikamwambia basi tu.

Kwa hiyo umenidanganya kwa akili timamu. Najua ulitaka kunirudishia baba yangu, na ulijua utakayemchafua ni wewe. Hilo nimeliona. Sijui nilifanyie nini.

Usinywe, Baba, hata kwa ajili yangu. Nimechoka kukugawa. Mtoto akiniuliza babu yake ni mtu gani, nitamwambia ni fundi hodari wa makochi, hanywi, na ana maneno yanayoumiza. Akikua ataamua mwenyewe kama anataka kukuona.

Mimi bado sijaamua. Shikamoo nitaendelea kukuandikia, kwa kuwa ni haki yako. Kuja, siji.

Binti yako