Askari Thelathini Waliotiwa Macho

Kaka yangu Twaha,

Sijui barua hufikaje huko uliko, wala sitajisumbua kujua. Nakuandikia kwa sababu nimefanya jambo bila kukuuliza, na katika nyumba hii hakuna mwingine wa kumwambia. Wale askari wako thelathini wameshapakwa rangi. Sikuwapaka mimi. Wamepakwa na mashine.

Usinune kwanza, nisikilize.

Unajua ulivyowaacha. Uliwapaka ile nyeupe ya mwanzo, ukawapanga rafuni wakauke, ukaenda hospitali ukisema utarudi Jumatatu. Hukurudi. Tangu tukuzike mwaka jana wamekuwa pale pale, kila mmoja urefu wa kidole gumba, weupe watupu kama waliokwisha kuvishwa sanda. Nikifagia chumba nilikuwa nawapa mgongo. Wanaokuja kunitembelea, na siku hizi ni wachache, huniuliza mtu mzima anaweka vitu vya watoto vya nini. Nawaambia ni vya kaka yangu.

Wangejua! Binamu yetu wa melini alipotuletea sanduku la kwanza la askari, wewe ulikuwa umeshaanza kushona kanzu pale Bondeni na mimi nasoma darasa la saba. Kitabu cha kanuni za mchezo hatukukielewa hata nusu, tukajitungia zetu: meza ya kulia ndiyo uwanja wa vita, dadu ndizo zinazoamua nani kafa, na mwendo wa askari tunaupima kwa futi yako ya kushonea. "Rukia, futi waivuta!" ulikuwa ukinipigia kelele. Na kweli nilikuwa naivuta. Nakiri leo kwa kuwa huwezi kunidai marudiano.

Majumba ya uwanjani tuliyajenga kwa makatoni ya tende. Uliyapaka chokaa na gundi, kisha ukayakwangua hapa na pale mpaka yakafanana na kuta za mtaa wetu huu wa Kuze, zinazobambuka kila mvua ikipita. Lakini utamu wenyewe haukuwa vita, ulikuwa kupaka. Ijumaa baada ya swala ya alasiri ulivuta kiti dirishani, mimi nikakushikia kibao cha rangi, na mpaka adhana ya magharibi askari mmoja alikuwa amekamilika. Mmoja tu. Hukutaka wa pili hata nikikubembeleza. Katika kupaka huko ndimo tulimozungumza kila kitu: ndoa yangu iliyovunjika, mkeo aliyetangulia, nani kati yetu atamzika mwenziwe. Ulisema utanizika wewe, maana mimi ni mzembe wa kunywa dawa. Uliongopa, kaka.

Na macho hukuwatia. Nyanya, aliyetulea, alipomwona askari wa kwanza alisimama mlangoni na tasbihi yake mkononi. "Tezani, siwakatazi," akasema. "Lakini sanamu hizo zisitiwe mato. Mukizitia mato, malaika hawaingii nyumbani mwangu." Ukaitikia, ukawapaka nyuso za kahawia tupu. Nyanya akafariki, sisi tukaota mvi, na bado hukuwatia. Nilikuuliza siku moja kwa nini. Ukacheka, ukasema, "Nishazoea wasinitazame nikikosea."

Sasa hii mashine. Mwezi uliopita nilisikia kuna mwanamke mtaani Tudor, jina lake Mwende, anayepaka vitu vidogo kwa mashine. Nikawazongazonga askari kwa pamba, nikapanda tuktuk nikiwa nimewapakata. Mashine yenyewe ni kabati la kioo. Ndani mna kisahani kinachozunguka, na mkono mwembamba wenye mdomo wa kupuliza rangi. Unaipa askari mmoja aliyekwisha kupakwa, kamera inamkagua pande zote, kisha inawapaka wengine vivyo hivyo. Nikampa Mwende yule wa mwisho uliyempaka wewe. Nilikuwa nimebeba na nyumba moja ya katoni uliyoiacha bila rangi, na Mwende akaniuliza, "Kuta zichakae kiasi gani?" Kumbe kwenye kompyuta kuna alama ya kuongeza na kupunguza uchakavu! Nilicheka, yeye asijue nacheka nini. Wewe uchakavu wako uliupata kwa kuchungulia dirishani.

Niliwaacha kwake asubuhi. Alasiri nikaenda kuwachukua. Ijumaa thelathini, Twaha, kwa kutwa moja. Nilipokuwa narudi ndipo nilipoelewa nilichokifanya: nilikuwa na zaidi ya nusu mwaka ya kukaa dirishani na wewe, na nimeigawa kwa mashine kwa sababu nilichoka kuona weupe.

Nyumbani nikafungua boksi, nikakuta macho. Meusi, yenye nukta nyeupe ndani. Thelathini wote wananitazama. Nikampigia Mwende simu.

"Mama, mashine ilikuwa imeyaruka macho," akasema, kwa furaha ya mtu aliyekufanyia hisani. "Nikaona ile sampuli yako haikuwa imemalizwa, nikayaongeza mwenyewe. Umeyapenda?"

Nilimwambia ahsante. Habari ya Nyanya ningemwelezaje kwa simu? Lakini hilo la kwamba kazi yako haikuwa imemalizwa liliniuma, nikakesha nalo.

Ijumaa iliyopita, baada ya alasiri, nikavuta kiti. Nikachukua ile brashi yako nyembamba na rangi ya kahawia, nikaanza kuyafunika. Wa kwanza, wa pili, wa tatu. Nikajikuta nawapa habari huku napaka: bomba la jikoni linalovuja, goti langu, jirani wa chini aliyehama bila kuaga. Kila niliyemfunika macho nilimweka kando na kumchukua mwingine. Nikafika wa kumi na mbili. Nilimwinua karibu na uso wangu, nikamwona ananitazama, nami nikiwa katikati ya maneno. Tangu ilipopita arobaini yako, hakuna aliyekaa mbele yangu akanitazama mpaka nikamaliza kusema. Nililia, kaka, sikufichi. Kisha nikaiosha brashi.

Kwa hiyo kumi na mmoja wako kama ulivyowataka wewe, na kama alivyoamuru Nyanya. Kumi na tisa wamebaki na macho yao. Najua nimevunja neno mlilolishika maisha yenu yote, na ukikasirika una haki. Mungu akurehemu, na mimi anisamehe. Sikuwarudisha rafuni. Nimewapanga kwenye meza ya kulia, upande wako, na kila nikikaa kula nakuta kuna mtu anayenitazama.

Mdogo wako,
Rukia