Kura yangu na majani ya ng'ombe

Marangu, Jumanne jioni

Shingo inauma, lakini nimecheka leo.

Wiki iliyopita sisi wanaume wa kamati ya mazingira tulipiga marufuku kukata majani msituni. Nilikuwa wa kwanza kunyoosha mkono, mimi ambaye sijawahi kukata hata mzigo mmoja. Leo asubuhi mke wangu akanikabidhi mundu na kamba. "Mheshimiwa, ng'ombe wako hali sheria."

Nikashuka tambarare kutafuta mabua, nikapanda nayo kichwani. Akina mama njiani wakafurahi: "Pole, mjumbe! Msitu haujambo?" Mmoja akanionea huruma, akanisokotea ngata ya majani ya mgomba.

Ng'ombe amekula. Maziwa yakipungua, sijui...

Kikao cha kamati ni Alhamisi. Shingo imeshapiga kura dhidi ya marufuku.