Kiraka Chako Hakikuwa Kizito

Lemayian, rafiki yangu,

Supa. Najua hutaitikia, lakini sijawahi kuanza na wewe bila salamu ya kwenu.

Tangu tukuzike kule Kajiado, hapa Kitengela mvua imenyesha mpaka wateja wa simu wanafika kibandani na matope hadi magotini. Bado natengeneza simu mchana na jioni naingia kwa kerneli. Kikundi chetu kipo. Njeri anapanga majadiliano ya Jumamosi, mada moja tu: namna ya kukaza usalama wa kerneli, huo moyo wa mfumo wa kompyuta ambao ukivunjwa, kila kitu kilicho juu yake kimekwisha. Kiraka chako, yale marekebisho uliyoiandikia kerneli, amekiweka cha kwanza.

Unajua sheria yetu. Kila wazo liwe na mtetezi na mpinzani, na wakae benchi moja. Mimi akaniweka pale pangu pa kawaida, mpinzani. Pa mtetezi pakabaki wazi. Hakuna aliyepataka.

Basi nikarudia vipimo, nijiandae kukupinga vizuri. Hapo ndipo nikaona. Ile siku niliposema kiraka chako, kile cha kufuta memori kabla programu nyingine haijapewa, kinapunguza kasi kwa theluthi, nilikuwa nimewasha ukaguzi wa hitilafu, ule unaokula kasi, kwa kerneli yako. Kwa ile ya kawaida nilikuwa nimeuzima. Uzito niliokupimia niliuweka mimi. Sasa nimepima pande zote sawasawa. Tofauti ni ndogo, Lemayian. Ndogo hata mtu hawezi kuibishania.

Mimi. Mtu ambaye hakuingia chuo, na kila siku nawaambia wenye digrii: leteni namba, si maneno. Siku hizi napita hapa mjini nikiangalia chini.

Na wewe pia niko na neno nawe. Kwa nini hukuniuliza nilipima vipi? Si ungebisha hata kidogo. Ulicheka tu, ukafunga kompyuta, ukawaambia wote, "Barasa akishapiga hesabu, hiyo imeisha bana." Ukakiondoa kiraka. Nami nikaenda nyumbani nimefurahi. Hiyo furaha ndiyo inaniuma kushinda namba.

Nimempigia Njeri, nikamweleza. Akauliza kama nitayasema mwenyewe mbele ya watu ama abadilishe ratiba kimyakimya. Nilitamani sana abadilishe. Nikamwambia aniandike pa mtetezi.

Nakuahidi hivi: nitasoma vipimo vyote viwili, kile kibaya kwanza. Kiraka kitabaki na jina lako. Na atakayenipinga nitampa mipangilio yote aikague mwenyewe kabla sijafungua mdomo.

Pumzika, ndugu yangu. Nakuja kukaa upande wako, na nimechelewa.

Ni mimi,
Barasa