Mbwa wa Pompei

La Rochelle, Johannesburg
14 Septemba 2011

Dada yangu mpendwa Brigitte,

Nakusalimu wewe, shemeji na watoto wote hapo Goma. Natumaini mguu wako umepata nafuu. Mimi ni mzima, bado nasuka nywele mjini, na baridi ya huku ndiyo kwanza inatuachia. Barua yako kuhusu posa ya binti yako Murielle nimeipata. Umeniomba, kwa kuwa nilikuwepo siku ile ya volkano, nikuandikie maneno makali ya kuikataa familia ya Gustave. Nitafika huko. Kwanza nikusimulie kituko cha Mchungaji Jacques.

Huyu ni mtu wa Lubumbashi. Moto mkubwa aliowahi kuuona ni wa makaa ya kuchomea nyama, lakini Jumapili alitangaza kwamba atatufundisha habari za volkano. Kanisa letu liko ghorofa ya nne, katika jengo lililokuwa duka la samani. Lifti imekufa siku nyingi, kwa hiyo tulipanda ngazi tukihema ili tukafundishwe na mjinga. Alikuwa amekodi projekta na kuvaa koti jeupe, nadhani ili afanane na daktari.

Akatuonyesha mlima Vesuvio wa Italia, na miji ya Herkulano na Pompei iliyofukiwa na mlima huo karibu miaka elfu mbili iliyopita. Ila yeye hakusema Pompei. Alisema Pombei, na akaeleza bila haya kwamba jina lile limetokana na pombe, maana watu wake walikuwa walevi, ndiyo sababu Mungu akawafukia. Watu wazima wenye wajukuu wakaitikia amina. Mama mmoja muuza vitumbua aliandika kwenye daftari. Debe tupu haliachi kuvuma, dada, na hili lilikuwa limepewa kipaza sauti.

Akaongeza kwamba Goma nayo iliungua mwaka 2002 kwa pombe hiyohiyo. Nikamkumbuka mama yetu, ambaye hata divai ya meza ya Bwana ilimkunja uso, nikapandwa na hasira.

Kisha ikaja picha ya mbwa. Wachimbaji walikuta mashimo kwenye majivu mahali miili ilipoozea, wakamimina plasta, yakatoka maumbo ya waliokufa. Mbwa huyo alikuwa amejipinda, miguu juu, shingoni ukanda wa mnyororo. Nikasimama na kumwuliza mchungaji mbwa naye alikunywa bia gani. Watu wakacheka, nami nikafurahi kumwaibisha. Akajifuta jasho, akanijibu kwamba mbwa alikufa kwa kosa la aliyemfunga.

Nilikaa chini. Katika saa mbili za upuuzi yule mjinga alisema neno moja la kweli, na lilikuwa langu. Nimemcheka barua nzima ili nichelewe kufika hapa.

Unakumbuka mama alivyopoteza kumbukumbu, akitoka anapotea, nasi tukawa tunamfungia kwa kufuli tukienda sokoni. Siku ile nilimfungia, nikaenda barabarani kutazama lava imefika wapi. Niliwaambia nyote kwamba ufunguo nilimpa jirani yetu Gustave amtoe mama, naye akaokoa magodoro yake badala ya mama. Nilidanganya. Ufunguo ulikuwa kwenye fundo la kitenge changu hadi Gisenyi, ng'ambo ya mpaka tulikokimbilia. Wala sikusukumwa na umati kama nilivyosema. Nafasi ya kurudi ilikuwepo. Niliona moto umeingia mtaani, nikakimbia. Yale makovu ya mikono ya Gustave, aliyosema aliyapata akijaribu kuvunja mlango wetu, nasi tukamwita mwongo, ni ya kweli. Miaka tisa mmemnyima salamu kwa ajili yangu.

Kwa hiyo maneno uliyoniomba sina. Kama Murielle anamtaka yule kijana wa Gustave, pokeeni posa. Msomee Gustave barua hii yote, na usilifiche jina langu.

Msalimie shemeji na Murielle. Mama hana kaburi, basi ukipita pale kwenye jiwe jeusi ulipokuwa mlango wetu, msalimie na yeye. Ufunguo nimeutia ndani ya bahasha. Mpe Gustave, kwa kuwa nilisema nilishampa.

Ni mimi mdogo wako, ukiwa bado unaniita hivyo,
Jeannine