Moshi kwenye gitaa la Thuwein

Asya, mbavu zangu! Nimecheka mpaka ushungi umeanguka.

Kabla ya adhana nilimsikia mume wangu akigusa gitaa lake la umeme, tin, kisha akalitundika tena. Mwaka mzima Thuwein hapigi, anasema sauti yake inamchoma masikio.

Basi leo kaja fundi Hamzah kutoka Chake Chake kubadili pikapu, zile sumaku za chini ya nyuzi zinazonasa sauti. Mpole huyo! Kila skrubu anamwonesha mzee kwanza. Kamaliza, kaenda kunawa mikono.

Na mimi unanijua, kitu kipya nyumbani kwangu lazima kifukizwe. Nikaliweka gitaa juu ya chetezo cha udi, kama nguo.

Asya, lile gitaa lina uwazi ndani na matundu mawili kifuani. Moshi ukatoka kwa yote mawili!

Hamzah kurudi, ukelele: "Mzee, nyaya zinaungua! Zinaungua!" Kalikumbatia gitaa, mbio mpaka uani!

Thuwein kaninusa. "Buthaina, umelifukiza gitaa langu?"

Nikajitia kufuta chetezo.

"Umelifukiza?"

"Nimelifukiza."

Nilidhani ndiyo basi, nimeliua. Hamzah hakunicheka hata kidogo. "Bibi, sasa hili la kwenda harusini," kasema, akaliunganisha na spika taratibu.

Thuwein kapiga. Sauti nene, laini, Asya! Kapiga tena. Na tena! Macho yamemlowa.

Mlangoni hakutaka kuuachia mkono wa fundi: "Mwanangu, Ijumaa uje tena. Uje hata kama hakijaharibika kitu."