Kishale cha Opio

Jumatatu, 3 Machi

Stima imerudi saa nne. Nimekunywa chai kwa Mama Sarah, mwenye nyumba wangu, anayepikia madereva wa maloli hapa chini. Chapati ngumu. Ati foleni ya mpakani haisongi ndiyo maana zinalala. Sawa, mama.

Nimefungua faili kwenye kompyuta. Kishale changu, cha kuonyesha ninapoandika, ni kijani, cha Opio ni cha rangi ya machungwa, bega kwa bega mwisho wa ukurasa wa kumi na tatu. Nikaandika sentensi mbili. Chake kikasogea nami, neno kwa neno.

Yupo. Anasoma.

Simu yake haijapatikana tangu Januari, alipopanda loli kwenda Juba kufanya ukarani. Alisema mtandao wa huko ni wa kubahatisha, lakini kitabu hatutakiacha. "Tutakuwa tunakutana kwenye faili, Amoit." Ni kitabu cha watoto cha Kiteso, cha kueleweka huku kwetu Malaba na kwao Tororo, Uganda, vilevile. Programu ya kuandikia niliiunda mwenyewe, ili tuandike pamoja kila mtu akiwa kwake. Basi ndiko tunakokutana.

Jumatano, 5 Machi

Wa Kisumu wanaotaka kuniajiri wamepiga tena. Kazi nzuri, ofisi nzuri. Wanataka jibu Ijumaa ya wiki ijayo. Nimewaambia nina kazi ya watu wawili hapa, haijaisha. Mama Sarah alikuwa anasikiliza, kama kawaida yake.

"Wawili wapi? Mimi namwona mmoja tu, tena amekonda."

Nimepanda juu bila kumaliza chai. Mwanamke ana mdomo huyu!

Mchana nimerudi ukurasa wa pili kusahihisha. Opio hakunifuata. Alibaki mwisho, pale tulipoachia, ananingoja. Ndivyo alivyo. Akishafika mahali harudi nyuma.

Ijumaa, 7 Machi

Nimefuta aya nzima ya mwisho, haikuwa na ladha. Akarudi nyuma pamoja nami bila ubishi. Opio wa zamani angebisha mpaka jioni. Labda Juba imempunguza makali.

Halafu nimefanya ujinga. Pale pale mwisho wa hadithi ya watoto nimeandika: Opio, umekula? Kishale chake kikasogea mpaka kwenye alama ya kuuliza, kikatulia. Nimengoja. Hakuandika kitu. Nikafuta kwa aibu.

Zamani palikuwa na kitone cha kuonyesha nani yuko hewani. Nilikiondoa kwa mkono wangu. Hapa ukigeukia dirisha tu simu inarukia mtandao wa Uganda, kitone kinazima, na sisi tunaanza: mbona umeondoka? Nani ameondoka, si niko hapa! Tuligombana hadi nikachoka. Nilipokitoa, amani ikaja.

Leo nakitaka kitone changu.

Jumapili, 9 Machi

Kanisani nimeimba bila kusikia ninachoimba. Nimemkosa. Namkosa mpaka mikono inauma. Basi.

Jumanne, 11 Machi

Amepiga Mwalimu Nekesa wa Butula. Anatumia programu yangu kuandika michezo ya kuigiza na mwalimu mwenzake. Anacheka kwenye simu mpaka anakohoa.

"Dada Amoit, nina shida na mashini yako. Mwenzangu alihamishwa Krismasi, hata kompyuta aliirudisha shuleni, iko hapa kabatini. Lakini kishale chake kinanifuata! Nikiandika, nacho hicho! Kwani huyu mtu anaandikia wapi?"

Nimecheka naye. Nimemwambia nitaangalia.

Sijaangalia. Nimekaa kitandani nikitazama foleni ya maloli.

Jumatano, 12 Machi

Nimeangalia.

Zana nilizoundia programu zinaweka kila kishale kama alama iliyopandwa ndani ya maandishi. Ukiandika pale pale alama iliposimama, lazima iamuliwe mapema: ibaki nyuma ya neno jipya, au isukumwe mbele nalo. Mimi nilichagua isukumwe. Na kwa kuwa alama huhifadhiwa ndani ya faili, inabaki hata mwenyewe akiondoka. Nilipenda iwe hivyo, ili kila mtu akirudi akute mahali pake.

Nimefungua faili tupu. Nikaongeza mtu asiyekuwepo, sikumpa hata jina. Nikaandika. Akanifuata. Nikafuta. Akarudi nami bila ubishi. Nikaenda juu kabisa. Akabaki chini, ananingoja.

Wiki zote hizi nimekuwa nikimsukuma mwenyewe. Kila herufi. Mimi, niliyeiandika programu hii kwa vidole hivi!

Nimelia vibaya. Mama Sarah ameleta uji mlangoni, akauacha kizingitini akashuka.

Alhamisi, 13 Machi

Nikataka kujua aliachia wapi hasa. Programu inatunza kila badiliko tulilofanya. Nimegeuza uamuzi ule, alama ibaki nyuma, kisha nikayarudia mabadiliko yote mwanzo hadi mwisho. Nikakaa kutazama hadithi ikijiandika. Vishale viwili vinaenda vinapishana, vinagombana, vinafutiana. Tulikuwa na kelele sisi.

Ukurasa wa tisa kile cha machungwa kikasimama. Kijani kikaendelea peke yake.

Ni pale msichana anamwita bibi yake aliye ng'ambo ya mto. Opio aliandika: "Bibi alisikia akiitwa, naye". Basi. Sentensi hakuimaliza. Nakumbuka nilidhani stima imepotea kwao, nikaimalizia mimi: akaitika.

Nimeshinda nikikitazama. Kwa mara ya kwanza kiko nyuma yangu.

Ijumaa, 14 Machi

Nimewapigia wa Kisumu. Nimesema ndiyo. Sauti yangu ilikuwa kavu, wakadhani sijafurahi. Nimemtumia Mwalimu Nekesa programu iliyorekebishwa. Anashukuru, ati mwenzake ametulia sasa.

Nimejaribu simu ya Opio. Haipatikani.

Kukifuta kishale ni mstari mmoja tu wa maagizo. Niliuandika. Nikauondoa.

Jumamosi, 29 Machi

Mvua tangu asubuhi. Begi liko tayari, kesho nasafiri. Kitabu nimekimaliza peke yangu, na nakala ya kwanza nimeichapisha Busia, kwenye duka la fotokopi karibu na soko. Mama Sarah ndiye wa kwanza kusoma, kwa sauti, madereva wakiwa wanangoja chai yao. Kiteso chake ni cha kwao Uganda, na hakukwama popote. Ukurasa wa tisa alipita moja kwa moja. Bibi alisikia akiitwa, naye akaitika. Akafungua ukurasa wa kumi.

Baadaye nimekichukua nikatazama mstari ule. Kwenye karatasi vishale havitoki. Wino ni mmoja, huwezi kuona yeye aliishia wapi na mimi nilianzia wapi.

Nimeweka kidole pale, baada ya "naye". Halafu nimekifungia kitabu ndani ya begi, juu ya nguo.