Breki za Gari la Baba Aline

Jumatatu, 6 Oktoba
Niliwapitia watoto shuleni kama kawaida. Kwenye mteremko wa Nguba breki zikagoma tena. Mguu ulizama hadi chini, nikakanyaga mara ya pili ndipo zikashika. Nyuma Aline na mdogo wake wanaimba. Shemeji Deo alizitengeneza Jumamosi. Anazitengeneza kila Jumamosi. Nimechoka.

Jumanne, 7 Oktoba
Sikulala vizuri. Kampuni inayouza magari haya ina garaji yake, na vipuri vipya, na garanti. Deo ana uwanja wa udongo na mfuko wa spana. Lakini Deo ni mdogo wa marehemu mume wangu. Baada ya msiba ndugu wengine walikuja kugawana vitu. Yeye alikuja kutengeneza gari, na tangu hapo hakuna mwingine aliyeligusa. Nikimwacha, nani wa upande wa Baba Aline atapiga hodi kwangu?

Jumatano, 8 Oktoba
Kwa miguu. Mvua. Aline aliuliza kama gari limekufa. Nilimjibu vibaya.

Alhamisi, 9 Oktoba
Nimelipeleka kwenye kampuni. Gia ya kwanza, na njia ya mzunguko ili nisipite mbele ya Deo. Kama mwizi. Fundi wao alinionyesha mpira alioutoa ndani ya pampu ya breki: ulikatwa kwa mkono kutoka mpira wa ndani wa tairi. Akasema mafuta ya breki huuyeyusha. Niliogopa sana. Halafu nikauangalia tena. Deo aliukata vizuri, mviringo kabisa. Nikataka kulia.

Ijumaa, 10 Oktoba
Ukigusa tu, breki zinashika. Nilishuka Nguba mara mbili bila safari. Raha, kisha aibu. Kesho atakuja. Nimefagia uwanja uliokwisha kufagiwa.

Jumamosi, 11 Oktoba
Alikuja na mfuko wake. Nilimwacha afungue boneti. Aliiona pampu mpya. Akaingia, akakanyaga breki, akakaa pale kwenye usukani.
« Balitengeneza muzuri, shemeki, » alisema. « Sasa miye nitakuya juu ya nini? »
Nilimwambia mlango wa nyuma wa gari unakataa kufunga. Haukatai. Aliufungua, akaufunga, akanitazama. Kisha akatoa bisibisi.
Nikaweka maji ya bugali motoni. Bugali ulipoiva, alikuwa bado kwenye ule mlango.